Kigae Ambacho Fundi Sikio Hakukigonga

Mara ya mwisho ulipomuuliza baba yako anaogopa nini ilikuwa lini?

Usikimbilie kujibu. Haiulizwi hapa kama ulimpeleka kupima presha, wala kama ulimletea sweta wakati wa baridi. Hayo tunayafanya, na tukishayafanya tunajipiga kifua. Swali ni la hofu. Tumejiaminisha kwamba mtu akiota mvi hofu humtoka kama meno ya utotoni, kwamba kilichobaki kwake ni kukaa kwenye kiti, kunywa chai na kutoa baraka. Ni uongo, na wanaoulipia ni wazee wetu, kwa usingizi wao.

Fundi Sikio alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa anaogopa kigae kimoja.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima. Kwa miaka arobaini alitandika vigae kwenye sakafu za watu: korido za hospitali, jiko la shule, ngazi za benki, nyumba zisizo na idadi. Wenzake walipomaliza kazi walifuta vumbi, wakakusanya miko yao, wakaondoka. Yeye alipomaliza ndipo alipoanza. Alipiga magoti mlangoni, akakunja kidole cha kati, akagonga kigae cha kwanza kwa kifundo, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza siri. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Safu kwa safu, bila kuruka hata kimoja.

Kigae kilichoshiba, yaani kilichojaa gundi chini yake kote, kilisema "ti". Kigae chenye njaa, chenye hewa chini, kilisema "to". Na kigae chenye njaa hakijulikani kwa macho. Kinang'aa kama wenzake, kinalala sawasawa chini ya pimamaji, kinaweza kukaa kimya miaka mitatu. Halafu siku moja mtu anaburuta kabati juu yake, kinapasuka, na lawama zinaliangukia kabati.

Kwa hiyo Fundi Sikio hakukabidhi sakafu mpaka mwenye nyumba naye apige magoti.

"Gonga mwenyewe, mama," alikuwa akisema. "Usiniamini mimi. Amini sikio lako."

Wengi walicheka. Wengine waliona aibu kupiga magoti kwenye nyumba zao wenyewe. Hao aliwasubiri. Meneja mmoja wa benki alimkwepa kutoka saa sita mchana mpaka saa kumi na moja, na fundi akakaa kwenye ngazi alizozijenga, mikono juu ya magoti, mpaka yule bwana alipolegeza tai na kuinama. Alipomaliza kugonga, alisema neno ambalo fundi alilitaka kuliko neno lolote: "Nimepokea." Basi. Hapo ndipo Fundi Sikio alipofunga mkoba wake.

Ukipita leo kwenye korido ya wodi ya wazazi, unakanyaga kazi yake ya miaka ishirini na sita iliyopita. Hakuna kigae kilichopasuka. Vitanda vya magurudumu vimepita hapo mchana na usiku, watoto wamezaliwa wakawa wazazi, sakafu iko palepale.

Lakini wahenga hawakukosea waliposema kinyozi hajinyoi. Kwa miaka thelathini bafu la nyumbani kwake lilibaki saruji tupu. Mke wake, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye cherehani kando ya dirisha, aliomba vigae mpaka akachoka kuomba. Fundi alipostaafu, ndipo alipomtandikia. Vigae hamsini na sita, rangi ya maziwa. Siku ya mwisho, vingine vyote ameshavigonga na cha mwisho amekilaza karibu na tundu la maji, simu ikalia. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amekwama na ngazi ya duara. Fundi akanawa mikono.

"Na kugonga je?" mke wake akauliza.

"Kesho."

Mke akacheka mpaka akashika ukuta. "Leo nimesikia mambo. Na wewe una kesho ya fundi?"

Unajua kesho ya fundi ilivyo. Suruali itakuwa tayari kesho, mlango utafungwa kesho, na kesho hiyo haimo kwenye kalenda. Fundi Sikio alikuwa fundi pekee mjini ambaye kesho yake ilikuwa kesho. Isipokuwa hiyo moja. Ngazi ya duara ilichukua siku nne, kisha kukaja jambo jingine, na kigae cha hamsini na sita hakikugongwa.

Miezi minane baadaye, asubuhi, fundi alikuwa jikoni akikata mkate. Mke wake alikuwa bafuni, upande wa pili wa ukuta. Fundi akasikia sauti moja, fupi, halafu kishindo cha mtu kuanguka. Mkewe alilala karibu na tundu la maji, nyonga imevunjika. Alikaa hospitali siku kumi na moja. Hakurudi.

Watu walimpa pole, wakasema ni maji, ni umri, ni kazi ya Mungu. Fundi aliitikia. Lakini mtu aliyeishi kwa sikio lake hawezi kulidanganya. Sauti ile fupi, iliyotangulia kishindo, kwake ilikuwa imesema "to".

Miezi kumi na minne ilipita hajaingia bafuni. Alimwambia binti yake, aliyekuwa akiishi naye, kwamba bomba limeharibika.

"Tutaita fundi bomba, baba," binti akajibu, naye akachukua ndoo yake akaenda kuoga nyuma ya nyumba, kwenye kijibanda cha mabati. Fundi bomba hakuitwa. Asubuhi za baridi baba na binti walipokezana kijibanda, kila mmoja akitetemeka kwa zamu yake, na hakuna aliyelitaja bomba tena.

Binti huyo alikuwa karani wa posta. Kutwa nzima aligonga mihuri. "Sisi ni ukoo wa kugonga," baba alikuwa akiwatania wageni zamani. Siku hizi hakutania. Usingizi ulimkatika, nguo zilianza kumvaa badala ya yeye kuzivaa, na kila alipopita mlango wa bafu moyo ulimwenda mbio mpaka akashika ukuta. Binti akampeleka kliniki. Daktari akapima, akasikiliza, akapima tena.

"Moyo wako ni mzima, mzee wangu," akasema. "Mwenye moyo ndiye ana shida. Nenda Alhamisi kwenye chumba cha mwisho, kuna kikundi."

Chumba cha mwisho kilikuwa stoo ya zamani yenye viti kumi vya plastiki na dirisha moja. Kiliongozwa na muuguzi wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista, mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na kelele. Wazee walikuwa saba. Karibu na fundi alikaa dereva mstaafu wa malori, kipara, aliyeitwa Breki kwa sababu mtu akisema jambo la ghafla mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu wenyewe.

"Wageni wasikilize," Sista alisema. "Hapa tunajigonga. Kwa vidole, taratibu, kwenye sehemu tisa za mwili, huku tunalitaja jambo linalotusumbua. Sisemi inaponya kisukari. Dawa zenu za presha mnaendelea kumeza, na atakayeziacha nitamfuata nyumbani kwake. Hii ni ya kutuliza hofu, ili mtu aweze kuitazama. Kabla ya kuanza, kila mmoja ajipe namba. Sifuri, moyo umetulia kama maji ya mtungini. Kumi, roho iko mkononi."

Namba zilimpendeza Fundi Sikio. Ilikuwa kama pimamaji. Lakini maneno yaliyofuata hayakumwingia. Sista aliwafundisha kugonga ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, na kusema: "Ingawa nina jambo hili, najikubali nilivyo."

"Hiyo ni kujivika kilemba cha ukoka," fundi akamnong'oneza jirani yake.

"Vaa tu," Breki akanong'ona. "Bei yake nafuu kuliko kofia."

Wakaanza. Mwanzo wa unyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni. Walipofika chini ya mtulinga, ule mfupa wa kifuani unaoshika bega, Sista alisimama mbele ya fundi. Alikuwa amekunja kidole cha kati, anajigonga kwa kifundo, ko, ko, ko, kichwa kimelala upande.

"Baba yangu, pole pole. Tumia ncha za vidole viwili. Unajigonga kama polisi mlangoni."

"Ndivyo ninavyogonga."

"Na kichwa umekilaza kwa nini? Unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama nimeshiba."

Ikabidi aeleze. Akaeleza "ti", akaeleza "to", na kabla Sista hajawahi kuwazuia, wazee saba walikuwa wanajigonga vifua kwa vifundo, wakiinamisha masikio. Fundi akanyoosha mkono akagonga kipara cha Breki mara mbili, kwa uangalifu wa kazi.

"Hiki kina njaa," akatangaza.

"Ungeendesha lori miaka thelathini na tano, na wewe ungekuwa na njaa," Breki akasema. "Tena toa mkono, hicho si kigae."

Chumba kikacheka. Hata Sista alicheka. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na fundi, na alichosema alikisema kwa ajili yake peke yake.

"Wewe unagonga ili ujue palipo na kasoro. Nimekuelewa, na ni kazi ya heshima. Hapa tunagonga ili mtu aweze kukaa karibu na kasoro bila kukimbia. Ni kazi nyingine, baba. Usizichanganye."

Jioni hiyo binti aliona alama nyeusi chini ya mtulinga wa baba yake.

"Baba, umepigana?"

"Nimetibiwa."

Alirudi Alhamisi ya pili, kwa vidole viwili, taratibu. Alirudi ya tatu. Siku hiyo kila mmoja alitakiwa kulitaja jambo lake kwa sauti. Breki alikuwa wa kwanza. Alisema, akigonga ukingo wa kiganja: "Ingawa naogopa kupasuliwa jicho, najikubali nilivyo." Mtu mwenye mikono kama matairi, aliyevuka milima usiku na shehena ya simenti, alisema anaogopa, na dari halikuanguka. Fundi alimtazama kwa muda mrefu.

Zamu yake ikafika.

"Ingawa bomba la bafuni limeharibika," akasema, "najikubali nilivyo."

Sista hakutabasamu. "Namba ngapi, baba?"

"Tisa."

"Tisa kwa bomba?" Breki akageuka na kiti chake chote. "Hilo bomba lina nini ndani, mamba?"

Wakacheka, na fundi akacheka nao, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Wewe nyamaza," Breki akaendelea. "Dereva anayelala porini anajifunza kutengeneza kila kitu. Kesho nakuja kwako na spana."

Hii ndiyo taabu ya kusema uongo mbele ya watu wema. Mgeni aliyekuja na maneno unaweza kumwambia arudi siku nyingine. Mgeni aliyekuja na spana utamfukuza vipi? Ijumaa saa nne Breki alikuwa mlangoni. Binti alikuwa posta. Fundi alimkaribisha, akampa chai, akamwongoza kwenye korido, na hapo kwenye mlango wa bafu miguu ikagoma. Breki akampita na viatu vyake, akainama, akashika koki, akafungua.

Maji yakaruka kwa nguvu mpaka yakamlowesha suruali.

Akafunga. Akafungua tena. Akafunga.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Hili bomba ni zima."

"Najua."

"Sasa?"

Fundi Sikio alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kama mtu anayebeba gunia. Akamwambia. Alimwambia kuhusu simu, ngazi ya duara, kesho ya fundi, mkate, na ile sauti nyuma ya ukuta. Hakuwahi kumwambia mtu. Alipofika kwenye sauti, mguu wa kulia wa Breki ukakanyaga sakafu.

Breki hakumpa pole. Hakutaja umri wala kazi ya Mungu. Alitoka bafuni, akaichukua ndoo, akaigeuza juu chini kwenye korido, akamvutia fundi kiti.

"Kaa," akasema, na yeye akakalia ndoo. "Mimi sina maneno. Dereva anajua kupiga honi tu. Lakini zile sehemu tisa nazikumbuka. Anza."

Wakakaa, magoti kwa magoti, wazee wawili katika korido nyembamba, wakigonga kingo za viganja.

"Ingawa," fundi akaanza, na neno likakwama.

"Sema bomba ukitaka."

"Hapana. Ingawa kigae kile sikukigonga, na mke wangu alianguka juu yake..." Midomo ilitafuta sehemu iliyobaki, isiipate.

"Anajikubali nusu nusu," Breki akamalizia. "Mengine yatafuata. Unyusi."

Mzunguko wa kwanza haukubadilisha kitu. Wa pili ulimtoa machozi, na Breki akajifanya anatazama spana. Katika wa nne fundi aligundua kwamba bega lake limeshuka, na kwamba alikuwa anavuta pumzi mpaka chini, jambo ambalo hakulifanya kwenye korido hiyo tangu msiba.

"Namba?"

"Tano."

"Tano inatosha."

"Kwenye pimamaji tano haitoshi."

"Hii si sakafu, Fundi."

"Hii ndiyo sakafu," Fundi Sikio akasema, akainuka kwenye kiti, akapiga magoti.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye tundu la maji. Wewe na mimi tungefanya hivyo. Lakini mtu aliyeifanya kazi kwa miaka arobaini haanzi mwisho. Alianza na kigae cha kwanza, kwenye kizingiti. Ti. Akasogea. Ti. Goti moja, goti la pili, safu kwa safu, kichwa kimelala, na kila sauti ilikuwa kama jina la mtu anayemfahamu. Breki alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyeingia mahali pa ibada bila kujiandaa. Kigae cha thelathini. Cha arobaini. Cha hamsini na tano.

Hapo akasimama. Akaweka vidole viwili chini ya mtulinga wake, akagonga, taratibu, bila kusikiliza chochote. Kisha akakunja kidole cha kati.

Katikati ya kigae: ti. Kona ya kwanza: ti. Ya pili: ti. Ya tatu: ti.

Ya nne, ile iliyoelekea tundu la maji: to.

"Hata mimi nimesikia," Breki akasema polepole.

Fundi aliweka kiganja juu ya kona hiyo. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ameamini kwamba akiisikia sauti ile tena itamuua. Sasa ameisikia, na moyo wake ulikuwa unapiga kama moyo wa mtu aliye kazini. Akagonga kuzunguka kona mpaka akapata mpaka wa ile njaa.

"Ukubwa wa kiganja," akasema. "Hakijatikisika. Hakijapasuka. Kona kama hii haimwangushi mtu."

"Basi si wewe."

"Sijui. Ile sauti ya siku ile sitaijua mpaka kufa." Akakohoa. "Lakini kona ni yangu. Hiyo naijua. Chini ya kitanda changu kuna mkoba, ndani yake kuna tindo na nyundo. Niletee."

"Leo hii? Si upumzike, kesho..."

"Kesho yangu nilishaitumia."

Na hapo ndipo ningetaka kila anayewaita wazee wetu mizigo awe amesimama kwenye ile korido. Mtu wa miaka sabini na mmoja, magoti yamekwisha, ameikuta kasoro yake mahali pabaya kuliko pote duniani, na badala ya kulia au kutafuta wa kumlaumu, anaomba tindo.

Binti aliporudi saa kumi na moja alikuta vumbi kwenye korido, mgeni mwenye kipara akichanganya gundi kwenye ndoo ya kuogea, na baba yake akiwa katikati ya bafu ambalo hakuliingia mwaka mzima na zaidi. Kigae cha hamsini na sita kilikuwa kimeng'olewa.

Fundi akainuka. Magoti yalilia. Akajifuta mikono, akasimama wima kama alivyosimama mbele ya meneja wa benki.

"Mama mwenye nyumba," akamwambia binti yake, "kigae kimoja kilikuwa na njaa, kona ya tundu la maji. Kazi ni yangu, kosa ni langu. Bomba halijawahi kuharibika. Nilikudanganya kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa. Narudia kazi."

Mkoba wa binti ulikuwa bado begani. Alikiegemea kiti cha korido kama anayekipima, akakaa.

"Nilijua bomba ni zima," akasema. "Nilifungua siku ya pili tu, nikiwa nimesimama nje, nikaingiza mkono."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu ulinifaa, baba. Uongo wako ulinifaa." Akatazama miguu yake. "Zile ndala alizokuwa amevaa mama zilikuwa zangu. Soli ilikuwa imeisha, laini kama sabuni. Nilimwambia azivae tu, mwisho wa wiki nitamletea mpya."

Breki akashusha mwiko.

"Mimi nilikuja na spana tu," akasema, na bila kujua kama inafaa kucheka, wote watatu wakacheka, binti akiwa analia.

Fundi Sikio hakumwambia kwamba si kosa lake. Alikuwa ameambiwa neno hilo na watu wengi, akajua lisivyosaidia. Alishuka akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika mkono wa binti yake, ule wa mihuri, akaugeuza.

"Ukingo wa kiganja," akasema. "Ncha za vidole viwili. Taratibu, usigonge kama posta. Namba ngapi?"

"Kumi."

"Mimi nilianza tisa. Twende."

Kigae kilishikwa upya jioni hiyo, fundi akikifunika kwa ubao ili mtu asikikanyage. Jumamosi alipitisha saruji nyeupe kwenye mianya. Jumamosi jioni aliuondoa ubao, akagonga kona nne. Ti, ti, ti, ti. Akachukua taulo yake, akaingia, akafunga mlango, akaoga kwa maji ya bomba kwa muda mrefu wa kutisha, na alipotoka alinukia sabuni na kichwa alikibeba juu.

"Sasa mwenye nyumba agonge," akamwambia binti yake.

Binti alisimama kwenye kizingiti. Vidole vya miguu vilifika pale saruji ya korido ilipokutana na kigae cha kwanza, visivuke.

"Kesho, baba."

"Kesho ya fundi?"

"Kesho ya posta," binti akasema. "Ikipigwa muhuri haibadiliki."

Asubuhi iliyofuata Fundi Sikio alikuwa jikoni, akikata mkate, kisu kikienda na kurudi juu ya ubao. Upande wa pili wa ukuta mlango wa bafu ulilia bawaba. Kisu kikasimama. Akasogea mpaka kwenye mlango wa jikoni, akatazama kwenye korido.

Binti yake alikuwa kwenye kizingiti, peku, taulo begani. Alikuwa anajigonga chini ya mtulinga kwa vidole viwili, macho amefumba. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akapiga magoti, akakunja kidole cha kati, akainamisha kichwa upande, upande uleule anaouinamisha baba yake, na akagonga kigae cha kwanza. Halafu cha pili. Hakuruka. Alikwenda safu kwa safu, akipotea ndani kidogo kidogo, mpaka fundi akabaki na sauti tu, naye akasimama pale na kisu mkononi akihesabu. Cha hamsini na sita binti alikigonga katikati, kisha kona zote nne, kisha ile ya nne mara ya pili.

"Fundi," sauti yake ikatoka bafuni, "nimepokea."

Mlango ukafungwa, na maji yakaanza kutiririka.